KASUMBA: SOMO JUU YA KHUN SA, MBABE WA VITA WA MILIMA YA SHAN

  

Safari hii Chama cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuandika somo. Nia yangu ilikuwa kuandika juu ya ngeli, maana ngeli hazinisumbui sana, lakini mambo yaligeuka siku ile mwalimu mlezi wa chama alipoandika neno moja ubaoni: KASUMBA. Akauliza nani anajua maana yake. Mikono ikainuka darasa zima. Sote tulisema lile tunalolijua, kwamba ni fikra mbovu alizopandikizwa mtu, kama vile kasumba ya kikoloni, mtu kuona kila kitu cha Mzungu ndicho bora. "Na kabla ya hapo?" akauliza mwalimu. Kimya. Hata wale wa mstari wa mbele ambao hujibu hata wasichokijua walinyamaza. Akafungua kamusi akatusomea. Kumbe kasumba ni afyuni! Ni kitu cha kuvutwa, cheusi, kinachonata, kinacholevya. Ile maana ya fikra imezaliwa na hii: mtu aliyetiwa kasumba kichwani hajitambui, kama vile mvutaji wa afyuni asivyojitambua.

Basi nikaenda maktaba kutafuta kasumba inatoka wapi, na huko ndiko nilikokutana na Khun Sa. Nimekaa na mtu huyu muhula mzima. Kuna siku nilimwona kama shujaa, na kuna siku nilitamani nisingelisoma habari zake. Mtaona kwa nini.

Tuanze na mmea wenyewe. Afyuni hupandwa sehemu za milimani zenye baridi. Kule Shan mbegu hupandwa mwezi wa Septemba na Oktoba, na kufikia Januari na Februari shamba lote huwa limejaa maua, meupe, mekundu na ya zambarau. Wanasema ni shamba zuri kulitazama. Maua yakishapukutika hubaki tumba la kijani, kubwa kama yai dogo. Jioni mkulima hupita akilichanja kila tumba kwa kisu chenye ncha tatu au nne. Utomvu mweupe hutoka polepole usiku, ukipigwa na hewa hugeuka rangi ya kahawia, na asubuhi mkulima hurudi kuukwangua. Mimi niliposoma hapo nilimkumbuka mgema wa kwetu, ambaye hupanda mnazi jioni akaukata kilele, asubuhi akapanda tena kuteremsha kitoma chake. Kazi ni ile ile ya kungojea mti utoe machozi. Tofauti ni kwamba utomvu huu hupikwa kwa kemikali ukawa heroini, na yahitajika kama kilo kumi za afyuni kupata kilo moja ya heroini. Kilo kumi hubebwa na mnyama, kilo moja huingia mfukoni mwa koti. Biashara yote imesimama juu ya hesabu hiyo.

Sasa nchi. Jimbo la Shan liko mashariki mwa Burma, nchi ambayo tangu 1989 huitwa rasmi Myanmar. Limepakana na China, Laos na Thailand. Pale ambapo Burma, Laos na Thailand zinakutana kwenye mto Mekong ndipo panapoitwa Pembetatu ya Dhahabu. Waingereza waliitawala Burma kama walivyotutawala sisi, wakaondoka Januari 1948. Mwaka mmoja kabla, viongozi wa Washan na makabila mengine ya milimani walikutana na Aung San mjini Panglong wakakubali kuunda nchi moja, na katiba ya 1947 ikawapa Washan haki ya kujitenga baada ya miaka kumi kama wangependa. Miaka kumi ilipotimia haki hiyo haikuonekana. Vijana wa Kishan wakaingia msituni na bunduki. Mwaka 1962 Jenerali Ne Win akapindua serikali, na mlango ukafungwa kabisa.

Kuna na jambo la pili, nalo msilipite haraka. Mwaka 1949 Wakomunisti waliposhinda vita nchini China, sehemu ya jeshi la Kuomintang lililoshindwa haikwenda Taiwan na wenzao. Ilivuka mpaka mwaka 1950 ikaingia Shan. Wamarekani waliwasaidia kwa siri kupitia shirika lao la ujasusi, CIA, wakitumaini kwamba watarudi kupigana China. Hawakufaulu kurudi. Wakabaki milimani na silaha, na jeshi lisilo na nchi lazima lile. Wakageukia afyuni. Wakulima wa milimani walilima afyuni tangu zamani, lakini hawa ndio walioipanua ikawa biashara ya misafara mikubwa.

Hapo ndipo anapoingia mtu wetu. Alizaliwa Februari 1934 katika eneo la Loi Maw, kaskazini mwa Shan, akaitwa Chang Chi-fu. Babake alikuwa Mchina, mamake Mshan. Baba alikufa yeye angali mdogo sana, mama akaolewa na mtu mwingine, kisha mama naye akafa. Akalelewa na babu yake wa Kichina. Ndugu zake wa kambo walipelekwa shule za wamishonari, yeye hakupelekwa. Masomo aliyoyapata ni ya miaka michache katika nyumba ya watawa wa Kibudha. Mwaka ule jeshi la Kuomintang lilipoingia Shan yeye alikuwa na miaka 16, na 16 ndio umri wangu mimi ninayeandika haya. Mimi nina kitabu cha Hisabati na deni la karo. Yeye hakuwa na wazazi wala shule, na milima yao ilikuwa imejaa watu wenye bunduki. Hao ndio waliomfunza uaskari. Baadaye akajiundia kikosi chake mwenyewe.

Mwaka 1963 serikali ya Burma ilifanya jambo la ajabu. Haikuwa na askari wa kutosha kupambana na waasi, kwa hiyo ikawaambia wakubwa wa vikosi vidogo vidogo: tupiganieni dhidi ya waasi na Wakomunisti, nasi tutawaachia mtumie barabara na miji ya serikali kwa biashara zenu. Walinzi hao waliitwa Ka Kwe Ye. Biashara ile ilikuwa afyuni, na serikali ilijua. Chang Chi-fu akawa mmoja wao. Nawaomba mlishike hili: mtu ambaye baadaye alijiita mkombozi wa Washan alianza kwa kulipwa ili awapige waasi wa Kishan.

Akanenepa. Kufikia 1967 alijiona ana nguvu za kuwapinga waalimu wake wa zamani. Akakusanya msafara wa tani 16 za afyuni na nyumbu kama 300. (Msicheke. Si nyumbu wale wa Maasai Mara wanaovuka mto Mara! Nyumbu hawa ni wale wanaozaliwa na punda na farasi.) Msafara ukashuka milimani ukavuka mto Mekong mpaka kijiji cha Ban Khwan, upande wa Laos. Mnunuzi wa shehena alikuwa Jenerali Ouane Rattikone, mkuu wa majeshi ya Laos mwenyewe. Kuomintang walikuwa wakidai ushuru kwa kila mzigo unaopita njia zile, na huyu kijana alikataa kutoa. Wakamfuata hadi Ban Khwan, vita vikawaka. Sasa sikilizeni alichofanya yule jenerali mnunuzi. Alituma ndege za kivita zikawapiga mabomu wote, huku na huku, kisha askari wake wakaichukua afyuni bila kulipa hata senti. Wapiganapo tembo nyasi huumia, twajua, lakini hapa tembo wa tatu alikuja akala nyasi zote!

Baada ya pigo hilo alidhoofika. Mwaka 1969 serikali ya Burma ilimkamata, ikamfunga Mandalay. Kosa lenyewe halikuwa afyuni. Lilikuwa uhaini, kwa kuwa alikuwa ameanza kuzungumza kisirisiri na waasi wa Kishan. Watu wake hawakumsahau. Mwaka 1973 waliingia mji wa Taunggyi wakawateka madaktari wawili kutoka Muungano wa Sovieti waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya huko, wakasema hawawaachi mpaka mkubwa wao aachiwe. Mazungumzo yakapitia kwa jenerali mmoja wa Thailand, Kriangsak Chomanan, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Mwaka 1974 madaktari wakarudi, mfungwa akatoka. Mwaka 1976 akaungana na jeshi lake katika kijiji cha Ban Hin Taek, kaskazini mwa Thailand. Sasa alikuwa na jina jipya la Kishan, Khun Sa, ambalo hufasiriwa kuwa Mwana wa Mfalme mwenye Neema, na kundi lake likaitwa Jeshi la Muungano la Shan.

Hapa wenzangu wengi kwenye chama walianza kumpenda. Mmoja alisema, "Jamaa huyo ni moto." Na kweli alikuwa na akili za ajabu kwa mtu asiyekwenda shule. Mwaka 1977 wajumbe wa Bunge la Marekani walipokuja, aliwapa pendekezo: nunueni ninyi afyuni yote ya Shan, mwaka baada ya mwaka, muichome mkitaka, na pesa hizo zitasaidia watu wetu kuanza kilimo kingine. Serikali ya Marekani ilikataa. Alirudia pendekezo la namna hiyo miaka ya 1980, likakataliwa tena. Alipenda kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye si mwuzaji, yeye hutoza kodi tu misafara inayopita, na kwamba mkulima wa milimani hana zao jingine linaloweza kumletea chumvi, nguo na dawa. Hilo la mkulima lina ukweli. Mtu akibeba mahindi mgongoni siku tatu kwenda sokoni, atafika ameyala nusu njiani. Afyuni haiozi, haina uzito mkubwa, na mnunuzi huifuata mpaka mlangoni.

Tuendelee. Januari 1982 jeshi la Thailand lilimshambulia Ban Hin Taek likamfukuza. Akavuka mpaka akarudi Shan, akajenga makao mapya Homong. Mwaka 1985 aliungana na kundi jingine la Washan lililoongozwa na Moh Heng, na kutokana na muungano huo likatokea jeshi lililojulikana kama Mong Tai Army, ambalo lilikadiriwa kufikia askari 20,000. Homong ikawa mji kamili wenye soko, shule na hospitali. Waandishi na wapiga picha walikwenda kumtembelea kama watu wanavyomtembelea chifu. Katika picha za huko wanaonekana watoto wakifanya gwaride na bunduki, wengine wadogo kuliko wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza.

Na jambo moja lilinifanya niweke kitabu chini. Katika jeshi la Khun Sa, askari hakuruhusiwa kutumia heroini. Aliyekamatwa aliadhibiwa vikali. Basi alijua! Alijua vizuri sana kile kitu hufanya nini ndani ya mtu, ndiyo maana hakukitaka karibu na vijana wake. Kilikuwa cha vijana wa watu wengine.

Marekani ilimfungulia mashtaka ya ulanguzi katika mahakama ya New York mwishoni mwa 1989, ikayatangaza mwaka 1990, na ikaweka zawadi ya dola milioni mbili kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake. Hakuna aliyeweza kumfikia. Kilichomwangusha kilikuwa cha karibu zaidi. Mwaka 1994 polisi wa Thailand pamoja na Wamarekani waliwakamata madalali wake wakubwa ndani ya Thailand, na mpaka ukabanwa. Jeshi la Wawa likawa linampiga upande mwingine. Kisha mwaka 1995 sehemu ya jeshi lake ilimwasi, vijana wa Kishan waliochoka kuona vyeo vikubwa vikiwaendea Wachina, na vita vya uhuru vikigeuka kuwa ulinzi wa biashara. Januari 1996 Khun Sa akajisalimisha kwa serikali ya Burma, na maelfu ya askari wake wakapanga bunduki chini.

Marekani iliomba apelekwe huko akashtakiwe. Burma ikakataa. Alihamia Yangon akaishi kama mfanyabiashara, chini ya ulinzi wa serikali, hadi alipokufa tarehe 26 Oktoba 2007 akiwa na miaka 73, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Waliobaki Shan mambo yao yalikuwa mengine. Yawd Serk na askari waliokataa kujisalimisha waliendelea na vita, na kuanzia 1996 jeshi la Burma likawahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 kutoka vijijini mwao ili waasi wasipate chakula wala pa kujificha. Biashara nayo haikufa na mwenyewe. Wengine waliichukua. Mwaka 2023, baada ya Taliban kupiga marufuku kilimo cha afyuni huko Afghanistan, Myanmar ilirudi kuwa ya kwanza duniani kwa kuizalisha.

Tulipojadili haya chama kiligawanyika. Upande mmoja ulisema ni mpigania uhuru aliyetumia alichokuwa nacho. Upande wa pili ulisema ni mlanguzi aliyejifunika bendera. Mimi nilitarajiwa kuwa mwamuzi kwa kuwa ndimi niliyesoma, nikasema niko na upande wa pili, na sababu nikatoa ya vitabuni: kwamba aliwapigania wote kwa zamu, serikali, Washan, na tena serikali, na mara zote tatu afyuni ilikuwa salama. Hiyo ni sababu nzuri na bado naisimamia. Lakini ninayo nyingine ambayo sikuisema siku ile, na mwalimu amenikubalia niiandike bila kutaja jina la mtu.

Kwetu tunaishi na mtoto wa mamangu mkubwa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, namwita kaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Nilipokuwa darasa la sita, kuna jioni alinipa kiberiti akaniambia, "Mdogo wangu, mpelekee yule jamaa pale kona, usikifungue." Nikapeleka. Yule jamaa akanipa shilingi ishirini, nikanunua viazi karai. Nilipeleka kiberiti mara nne au tano hivi. Sikuuliza kwa nini mtu ampe mtoto ishirini kwa kiberiti kinachouzwa dukani kwa bei ndogo kuliko hiyo. Nadhani sikutaka kujua, kwa sababu viazi vilikuwa vitamu. Mwaka uliofuata redio ya nyanya ilipotea, kisha sufuria kubwa ya harusi, kisha viatu vyangu vya shule, na hapo sote tulijua kaka ni teja.

Unga unaoingia pwani yetu siku hizi nyingi hutoka Afghanistan kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi, si wa Khun Sa. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja mbali na pwani ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Kwa hiyo sisemi kwamba mtu wa Homong ndiye aliyemharibu kaka yangu. Nasema tu kwamba niliposoma yale maneno yake, kwamba yeye hauzi, yeye hutoza wanaopita tu, niliyatambua. Nami sikuuza. Nilipita tu na kiberiti.

Sasa kaka anakunywa methadoni. Ni dawa ya maji ambayo hupewa kituoni kila siku, mbele ya muuguzi, hata Jumapili, hata siku ya Idi. Akikosa siku chache mfululizo anaweza kuanzishwa upya kwa dozi ndogo, kwa hivyo hakosi. Ameongeza mwili. Ameanza kumsaidia mjomba kazi ya kupiga rangi.

Nilipomaliza kuandika somo hili nilimsomea lote, na hii sehemu yake pia, maana sikutaka alikute kwenye jarida. Tulikuwa tumekaa barazani alfajiri kabla sijaenda shule. Sehemu ya kiberiti alitazama chini akasema, "Hilo nilidhani umelisahau." Nikamwambia sijalisahau. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu juu ya Khun Sa.

"Alifungwa miaka mingapi?"

Nikamwambia ni kama mitano hivi, lakini si kwa ajili ya kasumba.

Akacheka kidogo, akavaa viatu, akaenda kituoni kuwahi foleni.